Injini Chini ya Kiti

27 Septemba

Mitsue ameniletea daftari hili kutoka mjini. Eti daktari mmoja wa kwenye televisheni amesema mzee akiandika kila siku, ubongo wake hauozi. Nimemwambia ubongo wangu hauozi, unachoshwa na upuuzi tu. Akacheka kile kicheko chake cha ofisini. Binti yangu wa kumzaa mwenyewe, ana miaka hamsini na moja, na hajui plagi iko wapi kwenye gari lake.

Haya, nitaandika. Ila asitegemee habari za mawingu na maua. Nitaandika habari za injini, kwa sababu hapa kijijini ndiyo kitu pekee kinachosema ukweli.

28 Septemba

Mvua. Matufaha ya mapema yamekwisha.

1 Oktoba

Niweke mambo wazi, maana Mitsue atalisoma daftari hili siku moja, najua.

Pikapu yangu ni ile ndogo nyeupe ambayo kila nyumba hapa inayo. Injini yake ina silinda tatu na iko chini ya viti. Ukitaka kuiona, unanyanyua kiti cha dereva. Ina miaka thelathini na mbili, na kwa miaka yote hiyo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Marehemu Eikichi, mume wangu, alikuwa bingwa wa kulala. Spana alikuwa anaishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Tarehe kumi na nne pikapu inapelekwa kwenye ukaguzi wa serikali. Novemba nakaguliwa mimi. Nina miaka sabini na saba, na mtu wa umri huo hapewi leseni mpya mpaka afanye mtihani wa kumbukumbu. Mitsue anataka niirudishe hata kabla ya mtihani. "Irudishe mwenyewe, mama, kwa heshima." Heshima! Kreti mia nne za matufaha zitashukaje mlimani, kwa heshima? Bila leseni sina shamba, na bila shamba nabaki kibibi cha kukaa dirishani kungoja chakula cha mchana.

Tumepatana hivi: nikimaliza mavuno bila ajali, na nikafaulu mtihani, hatalitaja tena jambo hili maisha yake yote. Ameahidi. Nimeandika hapa ili asije akakana.

3 Oktoba

Vifaa vimefika. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, plagi tatu, na rejeta mpya ya alumini badala ya ile ya kichwa cha plastiki, ambayo kila kiangazi inanitolea jasho. Mikami mwenye gereji alinipigia simu akiniuliza kama nataka "msaada wa kitaalamu". Mtu anayetupa kabureta nzima kwa sababu hajui kuisafisha! Nilikata simu.

5 Oktoba

Kasai amekuja kuegemea ua tena. Kasai Tokuzo ni jirani yangu wa upande wa mashariki, ana miaka sabini na moja, mtu wa kutabasamu kwa kila kitu. Pikapu yake na yangu zilitoka kiwandani mwaka mmoja. Yangu imetunzwa. Yake ina bahati tu. Ndani hana kitu, hata redio hana.

"Dada Kiwa, unabadilisha mkanda?"

"Hapana, nasuka kikapu."

"Wanasema ubadilishwe kila kilomita ngapi vile?"

"Laki moja. Wako umefika wapi?"

"Sijui. Unazunguka tu."

"Unazunguka tu! Siku ukikatika, pistoni zitagonga valvu na utakwenda mjini kwa miguu umebeba matufaha kichwani. Badilisha, mjinga wewe. Na oili yako imekuwa lami, nainusa kutoka hapa."

Akatabasamu, akasema asante, akaondoka. Sijui kwa nini najisumbua.

9 Oktoba

Siku ya kazi. Nimetoa kila kitu kwenye kabini, mpaka mto wa kukalia, nikanyanyua kiti nikaanza saa kumi na mbili asubuhi. Rejeta ya zamani ilitoka na matope ya kutosha kupanda kitunguu. Pampu nimefunga. Mkanda nimelinganisha alama zake mara tatu. Kila bolti ninayoikaza naipiga mstari mweupe wa rangi, unaoanzia kwenye kichwa chake na kuishia kwenye chuma kilicho pembeni, ili ikilegea mstari ukatike nione. Mafundi wa siku hizi wanakaza kwa mashine, halafu wanasali.

Nikiwa kwenye puli ya chini, lile gurudumu la mkanda, Mitsue akapiga simu. Alikuwa amesoma gazetini habari ya mzee mmoja aliyeingiza gari ndani ya duka la dawa. Akanisomea yote. Nikamuuliza duka la dawa linanihusu nini. Akasema, "Mama, wewe hutajua siku utakapoanza kusahau, ndiyo maana naogopa." Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilirudi kwenye injini na hasira zangu, nikafunga vifuniko, nikajaza maji, nikawasha. Iliwaka mara ya kwanza, ikatulia vizuri kuliko mpya.

Natamani angeisikia. Lakini angesikia nini, yule?

10 Oktoba

Mgongo.

14 Oktoba

Imepita ukaguzi. Mkaguzi alikuwa kijana wa miwani, akaangalia taa, breki, moshi, akaguna. "Bibi, injini hii nani anakutengenezea?" Nikasema mimi. Akacheka, akidhani natania. Nikamwangalia mpaka akaacha.

17 Oktoba

Mvua. Matufaha hayachumwi yakiwa yamelowa. Nimekula wali na kachumbari ya figili, nikalala.

22 Oktoba

Mkutano wa ushirika jioni, mvua kubwa. Mwenyekiti alizungumza saa mbili kutufundisha kwamba matufaha mekundu yanauzika kuliko ya kijani. Pikapu ishirini nyeupe zilipangwa nje ya ukumbi, funguo ndani, kama kawaida yetu. Nani aibe? Nilitoka wa kwanza nikakimbilia gari nikiwa nimejifunika koti kichwani.

23 Oktoba

Sasa ndiyo nasema nimefanya kazi! Leo nimebeba kreti kumi na saba, kilo mia tatu na arobaini, ndani ya sheria (wenzangu wanapakia thelathini na kumwita Mungu), nikajaribu kupanda nazo ule mwinuko wa shamba la juu. Mwaka jana ilihema kwa gia ya pili. Leo imepanda kwa gia ya tatu, bila kukohoa, sindano ya joto imetulia katikati. Nilikuwa naongea nayo kwa sauti. Nilimwambia Eikichi pia, huko aliko, sikiliza, wewe mvivu.

Injini yangu naijua kwa sikio. Nifungwe kitambaa machoni, niwekewe mia, nitaitoa.

24 Oktoba

Leo pia imekwenda vizuri ajabu. Na nimepata burudani. Nimemkuta Kasai na mkewe Fumi wanapanda mlima kwa miguu na ngazi begani. Nilijua tu. Mkanda! Nilipunguza mwendo kidogo, nikapiga honi mara mbili, nikawapita. Alinipungia mkono huku anatabasamu. Mtu hana hata aibu.

25 Oktoba

Baridi. Injini ina sauti tofauti kidogo asubuhi, nzito nzito. Ni hali ya hewa.

26 Oktoba

Jumapili. Mitsue alikuja kuchuma. Anachuma kama anayefungua bahasha ya deni. Jioni tulishuka pamoja, yeye pembeni yangu, kreti kumi na saba nyuma. Kwenye ile kona iliyo juu ya korongo alishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. "Unaogopa nini?" nikamuuliza. "Sijaogopa, mama." Halafu chini kabisa akasema, "Umeendesha vizuri." Sikumjibu, lakini naandika.

30 Oktoba

Kreti mia mbili na arobaini. Mlima wa Iwaki una theluji mpaka kiunoni.

4 Novemba

Mtihani. Tuliwekwa wazee tisa kwenye chumba kinachonuka sakafu mpya. Mwanamke mwenye sauti ya chekechea akatuonyesha picha kumi na sita: mzinga, sikio, panzi, kanzu, mpaka mwisho. Kisha akatupa hesabu za kututoa akili, kisha akasema taja ulichokiona. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliandika kitu kimoja, akaanza kulia taratibu. Niliona vibaya kumwangalia.

Mimi nilitaja kumi na tano. Yule mwanamke akapiga makofi. Nimempigia Mitsue kutoka simu ya pale pale. "Kumi na tano kati ya kumi na sita," nikasema, "wewe ungetaja ngapi?" Akasema hongera, na nadhani alimaanisha.

Nimeshinda. Basi.

8 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimeingia chini ya gari kuangalia kama pampu mpya inavuja. Haivuji. Mistari yangu myeupe yote ipo, hakuna iliyokatika.

Isipokuwa bolti kubwa ya puli ya chini, ile inayoshika puli kwenye ncha ya mhimili wa injini. Ina mstari mwekundu.

Mimi sina rangi nyekundu. Nimeukwaruza kwa ukucha nikitafuta mweupe chini yake. Hakuna. Hapakuwahi kuwa na mweupe.

Nimelala pale chini mpaka baridi ikaingia kwenye nyonga. Sitaandika zaidi leo.

9 Novemba

Kalamu nyekundu ya namna ile anayo mtu mmoja tu. Fumi hutia alama kreti zake kwayo.

Nilimkuta Kasai anachambua matufaha mbele ya ghala. Sikusalimia.

"Nani amegusa injini yangu?"

"Injini gani, dada?"

"Usinifanye mtoto, Kasai."

"Njoo unywe chai kwanza, kuna baridi."

"Chai yako kunywa mwenyewe. Bolti ya puli ina mstari mwekundu."

Akatazama mabuti yake. Mtu huyu hajui kusema uongo, na hata kwa hilo nilikuwa namdharau. Fumi akaita kutoka ndani, "Mwambie tu, baba. Huyo hatoki hapo."

"Siku ya mkutano," akaanza, "ulichukua yangu."

"Yako nini?"

"Pikapu. Ulikuwa unakimbia mvua. Mimi nilitoka mwisho, ikawa imebaki moja. Nikaingia, naona redio. Mimi sina redio."

"Uongo. Ufunguo wangu..."

"Ufunguo wa yoyote unawasha yoyote, zimechakaa zote. Unajua mwenyewe."

Najua. Kila mtu hapa anajua. Tunacheka kuhusu hilo kila mwaka, kwamba fulani kaondoka na gari la fulani, na anayecheka kwa sauti kubwa ni mimi.

"Ningejua," nikasema. "Ningesikia injini."

Akageuza tufaha mkononi. Alikuwa ananionea huruma, nikaona. Nilikaa juu ya kreti.

Akaendelea taratibu. Usiku ule alipokuwa anarudi alisikia kitu kinagonga chini, tak, tak. Asubuhi akanyanyua kiti akaangalia. Akaona bolti zote zina mstari mweupe ila moja.

"Ilikuwa imelegea kiasi gani?"

Alinyoosha vidole viwili, akavizungusha hewani. "Hivi."

"Kwa vidole."

"Kwa vidole, dada. Sikuiwasha tena. Siku ile spana ya ukubwa huo sikuwa nayo, nikaazima kesho yake. Nikaweka gia ya nne, Fumi akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, nami nikakaza. Jioni ulipoegesha kando ya barabara nikabadilisha magari."

"Siku zile mbili mlipanda kwa miguu kwa sababu hiyo."

"Siyo mbali sana."

"Nikawapigia honi."

"Fumi alicheka sana," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mtihani ulikuwa umekaribia, na Mitsue angesikia, kijiji hiki kina masikio. Akasema, "Miaka thelathini unashusha matufaha bila tatizo. Bolti moja."

"Na gari lako? Lilipandaje vile? Wewe hata kiti hujawahi kukinyanyua!"

Sasa ndiyo akatabasamu. "Wewe unanitukana, mimi nakwenda kufanya. Mwaka juzi ulisema kichujio changu cha hewa ni kiota cha panya, nikabadilisha. Ulisema plagi zangu zimeota ndevu, nikabadilisha. Ulivyosema mkanda, nililipeleka gari kwa Mikami wiki ile ile, akabadilisha mkanda na oili pia. Rejeta ya alumini nilikuwa nayo tangu kiangazi. Huwa nangoja uwe shambani, maana ukiniona ninafanya utanitukana ninavyofanya."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari hili ukurasa wa tarehe ishirini na tatu. Nikausoma wote, pamoja na habari za sikio langu na kitambaa cha machoni. Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo: niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikiwa peke yangu jikoni.

Halafu nikafika tarehe ishirini na sita. Mitsue, kona ya korongo, kilo mia tatu na arobaini nyuma yake. Bolti ile ikitoka, puli inatoka, mkanda unaruka, injini inazima, na breki inakuwa ngumu kama ukuta. Mimi na sikio langu tungesema ni hali ya hewa.

10 Novemba

Sikuchuma.

11 Novemba

Ningeweza kusema ni ile simu ya Mitsue. Ni kweli alinikatiza nikiwa kwenye bolti ile ile. Lakini zamani nilikatizwa na kilio cha mtoto, na Eikichi akiuliza soksi ziko wapi, na tetemeko la ardhi mara moja, na nilirudi nikamalizia. Tena simu haikuniambia nichukue gari la mtu nilisifu siku mbili.

Kumi na tano kati ya kumi na sita! Panzi wao nilimkumbuka.

12 Novemba

Nimempigia Mitsue, nimemweleza yote. Nilitegemea atasema nilikuambia. Badala yake akaanza kunitetea, hebu fikiria. "Lakini umefaulu mtihani, mama. Mtu yeyote husahau. Na yale magari yanafanana."

"Ulikuwa umekaa pembeni yangu," nikasema.

"Lakini ilikuwa imeshakazwa."

"Nani aliikaza, Mitsue?"

Nikasikia analia, na mimi mama yake nikamwambia avae vizuri, theluji inakuja huko pia.

15 Novemba

Nimeirudisha leseni. Kituo cha polisi cha mjini, dirisha la nne. Afisa alikuwa na uso wa mkate usioiva, akanipongeza kama niliyezaa. Akanipa kadi ya kupunguziwa nauli ya basi. Basi lenyewe hupita kwetu mara mbili kwa siku, na moja ya hizo mara halipiti.

Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza sababu. Akasema, "Wengi tunawaandikia 'umri', bibi. Niandike hivyo?"

"Umri haujafanya kitu," nikasema. "Andika: bolti haikukazwa."

Akasema hakuna nafasi ya maelezo ya namna hiyo. Nikasimama pale mpaka ikapatikana.

Nje Kasai alikuwa ananingoja kwenye pikapu yake, injini inawaka, kwa sababu ndiye aliyenileta. Nilizunguka kwenda mlango wa dereva kwa mazoea, nikafungua, nikamkuta yumo. Hakucheka. Nikazunguka tena.

19 Novemba

Kreti za mwisho, kumi na saba, kwenye pikapu yangu. Kasai usukani, mimi kiti cha abiria, ambacho sijawahi kukikalia tangu gari hili linunuliwe. Kutoka hapo unaona korongo lote. Sasa najua kwa nini Mitsue alishika mlango, nami nikaushika.

Anaendesha kama aliyebeba mayai ya mtu mwingine. Nilijiapiza nisiseme neno, nikakaa kimya kona ya kwanza, nikakaa kimya ya pili. Tulipofika kwenye mwinuko wa kutokea barabara kuu, akaingiza gia ya pili. Injini ikaanza kulia.

"Ya tatu," nikasema.

"Haitapanda, dada, tumebeba mzigo."

"Ya tatu, mjinga wewe."

Akaingiza ya tatu. Ikapanda.